Maswali ya Wasomaji: Sikio la mtoto, kusubiri au kumpa dawa?

SWALI: Habari za kazi, madaktari. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minne, kilo 11. Juzi alipata homa, akalia usiku kucha akivuta sikio la kulia. Leo asubuhi nimekuta usaha kwenye mto. Zahanati wamempa amoksilini. Dada yangu anaishi Uholanzi. Wa kwake, wa miaka minne, aliumwa sikio bila usaha, akapewa dawa ya maumivu tu na kuambiwa wasubiri siku tatu. Ananishauri nisimpe mtoto antibiotiki. Nimsikilize nani?
Mama wa Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Pole sana, mama. Wa zahanati yuko sahihi, na daktari wa Uholanzi pia yuko sahihi, ila hawa ni watoto wawili tofauti. Wako mpe dawa.

Sikio la kati huambukizwa zaidi wakati wa mafua. Mrija unaotoka sikioni kwenda kooni ni mfupi kwa mtoto na umelala. Ukiziba, majimaji hukwama na vijidudu huzaliana humo. Wengi hupona wenyewe, na antibiotiki huwaharisha baadhi yao. Ndiyo maana Uholanzi wamezoea kusubiri tangu zamani, na Marekani wakaruhusu kusubiri katika mwongozo wao wa mwaka 2004. Lakini hata huko, mtoto wa chini ya miezi sita, wa chini ya miaka miwili anayeumwa masikio yote mawili, au mwenye sikio linalotoa usaha, hawasiti kumpa antibiotiki.

Tena kusubiri kwao si kumwacha mtoto. Daktari ameshakiona kiwambo cha sikio kwa otoskopu, yaani kifaa chenye taa cha kuchungulia ndani ya sikio, na nafuu isipopatikana siku ya tatu mtoto anarudishwa. Zahanati zetu nyingi hazina otoskopu. Kwa hiyo IMCI, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu watoto wagonjwa, humtaka mhudumu aulize, aangalie, kisha apapase nyuma ya sikio. Maumivu, au usaha wa chini ya siku 14, ni antibiotiki kwa siku 5. Mama aliyetoka vijiji vya ndani vya Bahi kwa bodaboda hawezi kuambiwa tu "tuone kesho kutwa". Sisi tunaona mwongozo huo unatufaa.

Kinachoharibu tiba hapa kwetu ni kipimo. Mwenye kilo 11 anahitaji amoksilini miligramu 500 asubuhi na 500 jioni. Sasa tazama chupa: ipo ya miligramu 125 kwa mililita 5 na ipo ya miligramu 250 kwa mililita 5. Ya 250, mpe mililita 10 kila mara. Chupa ya mililita 100 inamaliza siku 5 sawasawa. Ya 125 ni mililita 20 kila mara, na zinatakiwa chupa mbili. Anayempa kijiko kimoja cha 125 amempa robo ya dozi. Pimia sirinji isiyo na sindano, maana vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Ukiona kipimo ulichoandikiwa kinatofautiana na hiki, rudi umuulize mhudumu kabla ya kubadilisha.

Maumivu na homa: parasetamoli ya miligramu 120 kwa mililita 5, mpe mililita 5 hadi 6.5, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Usaha ukishatoka maumivu hupungua, na hapo ndipo wengi huacha antibiotiki siku ya pili. Maliza siku 5, kisha umrudishe akaonwe.

SWALI: Mjukuu wangu wa miaka mitatu ana usaha sikioni mwezi mzima. Namdondoshea mafuta ya alizeti ya uvuguvugu. Nakosea?
Bibi, Kongwa

JIBU: Shikamoo, bibi. Mafuta acha leo. Kiwambo kina tundu, na ukimwaga kitu unakipeleka ndani zaidi.

Usaha wa siku 14 na zaidi ni ugonjwa sugu, na dawa yake kubwa ni kukausha. Nawa mikono. Chukua kitambaa safi cha pamba, kisokote kiwe utambi wenye ncha laini. Vuta sikio taratibu kuelekea nyuma, ingiza utambi, uache mpaka ulowe, toa, weka mwingine. Rudia mpaka utambi utoke mkavu. Fanya hivyo mara 3 kila siku. Usitumie kijiti cha pamba. Kinasukuma uchafu ndani.

Sikio likishakauka ndipo matone ya siprofloksasini yaingie, kwa wiki 2, kwa maelekezo ya zahanati. Ukidondosha dawa juu ya usaha, haifiki panapouma. Dukani wakikupa matone ya jentamaisini, yakatae: yakipita kwenye tundu yanaweza kudhuru usikivu. Asiogelee, na wakati wa kuoga maji yasiingie sikioni.

Nyuma ya sikio pakivimba na kuuma, sikio likasukumwa mbele, usingoje kesho, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na muite kwa sauti ndogo ukiwa nyuma yake. Asipogeuka, mwambie daktari.