Tasa Iliyozaa

Mmeuliza: "Ukiambiwa uchague namba moja tu inayozidi bilioni, utachagua ipi, na kwa nini?" Mimi nachukua 2,147,483,647.

Ni witiri, hilo linaonekana kwa macho. Ni namba tasa pia, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe, na hilo halionekani kabisa. Chukua 2 kwa kipeo cha 31, toa 1, utaipata. Ukoo huo huitwa namba za Mersenne, kwa jina la mtawa wa Kifaransa wa karne ya 17, na si wote humo ni tasa: 2 kwa kipeo cha 11 ukitoa 1 ni 2,047, ambayo ni 23 mara 89.

Aliyethibitisha utasa wa namba yangu ni mwanahisabati wa Uswisi Leonhard Euler, mwaka 1772, macho yake yakiwa karibu kupofuka kabisa. Mtu wa kawaida angeigawa kwa kila namba tasa mpaka afikie kipeuo chake cha pili, kama 46,340 hivi. Hizo ni zaidi ya 4,700. Euler alionyesha kwamba kama ina kigawo tasa, basi hicho ukikigawanya kwa 248 lazima kibaki 1 au 63. Za kujaribu zikabaki themanini na ushei. Kazi ya miezi ikawa ya siku chache!

Lakini kinachonifurahisha zaidi ni hilo neno letu, "tasa". Tunaiita hivyo kwa kuwa haina vigawo zaidi ya 1 na yenyewe, kama asiye na watoto. Kumbe hii imezaa. Izidishe kwa 2 kwa kipeo cha 30, unapata 2,305,843,008,139,952,128, nayo ni namba kamilifu: vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha ileile. Ndivyo ilivyo 6, ambayo ni 1 + 2 + 3. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba haitapatikana kamwe kamilifu kubwa kuliko hiyo, maana namba hizi hazina faida na hakuna atakayejisumbua. Basi akaja Mfaransa Édouard Lucas mwaka 1876, akathibitisha kwamba 2 kwa kipeo cha 127 ukitoa 1 ni tasa. Ina tarakimu 39, na mtoto wake kamilifu ni mkubwa zaidi.

Na faida? Waulizeni mafundi wa kompyuta. Mifumo mingi ya zamani, ile ya biti 32, huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970, na haiwezi kuvuka namba yangu, 2,147,483,647. Itafikiwa Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itajiona iko Desemba 1901, enzi za Mjerumani.