Safari ya Krismasi ya wawili: anzeni na jioni ya tarehe 24

Mkuu, umeeleza kwamba wewe na mkeo mna miaka mitatu ya ndoa, hamjawahi kusafiri wawili tu, na mnataka siku sita za Krismasi, tarehe 22 hadi 27, katika mji wenye mataa, masoko ya Krismasi na utulivu. Umetaja Prague, Vienna, London na Copenhagen ukaomba tukuchagulie mmoja. Waliotangulia wamekutajia mji kila mtu na wake. Mimi nitautaja wangu mwishoni, ila naomba kwanza nikusimulie ilivyotukuta sisi, kwa sababu tulianza hivyo hivyo, na mji.

Safari yetu ya kwanza, mimi na mume wangu, ilikuwa London. Tulidunduliza miezi kumi. Hoteli tuliichukua mbali na katikati ya jiji kwa kuwa ilikuwa nafuu, tukaambizana kwamba treni za chini ya ardhi zipo, popote tutafika. Chakula cha mchana cha tarehe 25 tulikiwekea nafasi mapema katika mgahawa mmoja wa katikati. Asubuhi ya Krismasi tukavaa vizuri, tukatembea hadi kituoni, tukakuta geti limefungwa. Tukaenda kituo cha basi, kimya. London tarehe 25 Desemba haina treni ya chini ya ardhi, haina basi, haina treni ya kwenda popote, na ndivyo ilivyo kila mwaka. Mtu yeyote wa pale angetuambia kama tungeuliza.

Teksi tuliipata baada ya saa nzima, kwa nauli iliyomeza karibu bajeti yote ya siku mbili. Tukafika tumechelewa, meza wameshampa mtu mwingine. Tulirudi kwa miguu, mwendo wa karibu saa mbili na nusu, giza limeshaingia na maduka yote yamefungwa. Hadi leo pesa ile siikumbuki kwa uchungu. Ninachokumbuka ni ukimya wa njiani, kila mmoja anawaza moyoni kwamba mwenzake ndiye aliyepaswa kuulizia.

Usiku ule chumbani ndipo tulipozungumza. Nikagundua kwamba mume wangu, tangu tunaanza kuweka akiba, alikuwa akiota asubuhi moja ya kulala bila saa ya kumwamsha, chai kitandani, na hakuna pa kwenda. Mimi nilikuwa nimeota ibada ya usiku kanisani na meza yenye mshumaa. Miezi kumi tulikuwa tukipanga safari moja, na hakuna aliyemwuliza mwenzake anaiona vipi. Tangu hapo, kila Krismasi tunayosafiri, swali la kwanza tunalojibu ni hili: jioni ya tarehe 24 tutakuwa wapi, tumekaa wapi, tunakula nini. Mengine yote tunayapanga kulizunguka hilo.

Nasema tarehe 24 kwa sababu maalumu. Katika nchi nyingi za Ulaya ya kati na kaskazini, kama Ujerumani, Austria, Cheki na Denmark, kilele cha Krismasi ni jioni ya mkesha, wala si siku ya 25. Familia hukusanyika nyumbani jioni hiyo na zawadi hufunguliwa jioni hiyo. Mpishi wa mgahawa naye ana watoto wanaomsubiri. Kwa hiyo kuanzia saa 8 mchana mji unaanza kujifunga kidogo kidogo, na kufika saa 12 jioni mitaa mingine haina mtu. Cheki wameliwekea jambo hili sheria: maduka yenye zaidi ya mita 200 za mraba hufunga saa 6 mchana tarehe 24, na hubaki yamefungwa 25 na 26. Wageni wengi hawalijui hili. Wanatoka hotelini saa 1 usiku wakitafuta pa kula, wanazunguka kwenye baridi, na ugomvi wa kwanza wa safari unaanzia hapo.

Masoko ya Krismasi nayo yana tarehe zake. Watu huyaita masoko ya Krismasi wakadhani siku ya Krismasi yapo. Mengi ni masoko ya majilio, yaani ya wiki nne za kuelekea sikukuu. Kule Ujerumani, soko lililo mbele ya kanisa kuu la Cologne humalizika tarehe 23. Ya Nuremberg na Dresden hufunga tarehe 24 mchana, na la Dresden si soko dogo, lipo tangu 1434. Ukishuka kwenye ndege mkesha saa 9 alasiri ukakimbilia huko, utakuta watu wanafungasha vibanda. Vienna soko la mbele ya ukumbi wa jiji huendelea hadi tarehe 26, ingawa siku ya mkesha hufunga mapema. Prague, lile la uwanja wa mji mkongwe huendelea hadi tarehe 6 Januari. Ratiba hutangazwa upya kila mwaka, kwa hiyo ihakikisheni kwenye tovuti ya mji wenyewe kabla ya kulipa.

Ndiyo maana nakushauri mjiulize kama mnachotaka kweli ni masoko. Kama mkeo anachotamani ni vibanda, taa, harufu ya mdalasini na kutembea mkishikana mikono katikati ya watu, basi nendeni kati ya tarehe 8 na 18 Desemba, siku za katikati ya wiki. Kila kitu kitakuwa wazi na hoteli hazijapanda sana. Strasbourg, kule Ufaransa, katika siku hizo ni mji mzuri mno. Soko lake lina historia tangu 1570, na mji mkongwe wote, ulio kisiwani kati ya matawi ya mto, unauzunguka kwa miguu. Ila chumba huko kitafuteni miezi mingi kabla. Sisi tulikwenda Jumanne hadi Ijumaa, na Krismasi yenyewe tukawa nyumbani na wazee. Mume wangu husema hiyo ndiyo safari aliyopumzika kuliko zote.

Lakini kama mnautaka ule utulivu wa mji uliofunga, wa kuwa wawili tu wakati kila mtu yuko ndani kwake, basi 24 hadi 26 ni siku za thamani kubwa, na mji uliolala unakuwa zawadi, alimradi mmejiandaa nao. Hapa nitakusimulia Vienna.

Nafasi ya chakula cha jioni ya mkesha tuliiweka mwezi wa kumi, katika mgahawa wa hoteli ile ile tuliyolala. Migahawa ya hoteli ndiyo ya kutegemewa usiku huo kwa sababu wageni wapo na lazima wale. Mchana wa 24 tukala vizuri mapema, tukanunua mkate, jibini, matunda na maji ya kututosha siku mbili kabla maduka hayajafunga, tukalala kidogo. Jua huko huzama kama saa 10 hivi jioni. Giza lilipoingia tukatoka, tukapita sokoni dakika za mwisho, tukarudi kula bila haraka. Kisha tukaenda kanisa kuu la Stephansdom kwa ibada ya usiku wa manane. Tulifika saa moja kabla na bado tulisimama. Kabla hamjaenda ulizieni utaratibu wa kuingia wa mwaka huo. Pummerin, kengele yao yenye uzito wa zaidi ya tani 20, hupigwa siku chache tu kwa mwaka, na Krismasi ni mojawapo. Sauti ile unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Mume wangu si mtu wa kulia. Alinishika mkono akaukaza hadi kengele iliponyamaza.

Na tarehe 25 ikawa siku yake. Hakuna kengele ya simu, pazia limefungwa, tukaamka saa 5 asubuhi tukala ule mkate na jibini kitandani. Metro na tramu za Vienna hutembea siku hiyo, na baadhi ya makumbusho makubwa hufungua. Tukaenda Kunsthistorisches kuona picha ya Bruegel ya wawindaji wakirudi kwenye theluji, aliyoichora 1565. Kulikuwa na watu wachache. Tulikaa mbele yake muda mrefu, tukihesabu watu wadogo wanaoteleza kwenye barafu kule bondeni.

Kama wazo la mji kufunga linawatia wasiwasi, ipo miji isiyofunga. New York treni za chini ya ardhi hutembea saa 24 hata siku ya Krismasi, na mti wa Rockefeller Center, ambao sherehe ya kuuwasha ilianza 1933, hubaki hadi baada ya sikukuu. Tokyo ni kisa kingine kabisa, na kwa wapendanao nashangaa haijatajwa na yeyote hapa. Japani tarehe 25 si sikukuu ya kitaifa, maduka yanafungua kama kawaida, na jioni ya mkesha wenyeji huichukulia kuwa usiku wa wapenzi: chakula cha nje, matembezi kwenye mitaa iliyopambwa taa, keki ya krimu na stroberi. Kwa sababu hiyo hiyo migahawa mizuri hujaa usiku huo, kwa hiyo nafasi inahitajika mapema.

Na ukiamua London, sitakukataza. Mti wa Trafalgar Square, ambao jiji la Oslo huutuma kila mwaka tangu 1947, unapendeza, na bustani zake asubuhi ya Krismasi ni tulivu sana. Lakini chukueni hoteli ambayo kila mnachotaka tarehe 25 mtakifikia kwa miguu, na msiweke ndege siku hiyo, maana hata treni za kwenda viwanja vya ndege hazipo.

Giza ni jambo la kulipanga. Copenhagen mwezi huo jua huzama kama saa 9:40 alasiri, Stockholm kabla hata ya saa 9. Mtu akiandika ratiba ya kuona mambo sita kwa siku, matatu atayaona gizani akiwa amechoka. Sisi siku hizi tunatoka mara mbili tu: mara ya kwanza saa 4 asubuhi hadi saa 8, kisha tunarudi kupumzika, halafu tunatoka tena jioni kwa ajili ya taa. Yale masaa ya katikati, ya kulala na kuzungumza, ndiyo yaliyotufanya turudi nyumbani tukiwa karibu zaidi.

Baridi huanzia miguuni. Kusimama sokoni kwa muda wa saa mbili juu ya mawe ni tofauti na kutembea, kwa sababu ubaridi unapanda kupitia soli. Viatu vya soli nene, vikubwa kidogo ili soksi ya sufu iingie bila kubana, nunueni kabla ya kitu kingine chochote. Mwanamke akiumwa miguu, jioni imekwisha saa 12, nakuambia kwa uzoefu. Pale sokoni vinywaji vya moto huuzwa katika vikombe vya udongo na mnalipia dhamana ya kikombe. Mkirudisha mnarudishiwa hela, mkikipenda mnabaki nacho. Cha Strasbourg bado tunakinywea chai.

Kama pasipoti zenu zinahitaji viza ya Schengen, yaani ile viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, kila mmoja anawasilisha maombi yake hata kama ni mke na mume. Yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 lakini unaweza kufika 45, na bima ya safari inatakiwa igharamie matibabu ya angalau euro 30,000. Mwezi wa tisa ni wakati mzuri wa kuanza. Hoteli chukueni ile inayoruhusu kufuta bila kukatwa hadi viza zitoke, hata kama imezidi bei kidogo.

Zawadi utakayompelekea usiifunge kwa karatasi kabla ya kupita ukaguzi wa uwanja wa ndege, wanaweza kuifungua. Na ile mipira ya kioo yenye theluji ndani, inayouzwa kila kibanda, ina maji, kwa hiyo wakati wa kurudi iwekeni kwenye sanduku la kukabidhi. Nilinyang'anywa wangu mlangoni na ulikuwa wa mama yangu.

Sasa mji. Kwa tarehe zako, 22 hadi 27, ningechukua Vienna: mtawahi soko siku mbili kamili kabla ya mkesha, usafiri haukatiki, na 25 mtakuwa na pa kwenda mkitaka. Prague ni ya pili kwangu, kwa sababu ya soko linaloendelea. Copenhagen ningeiacha hadi safari nyingine, maana bustani ya Tivoli, ambayo wengi ndiyo wanayoiendea, hufungwa tarehe 24. Ila kabla hujalipa chochote, leo usiku muulize mkeo: tarehe 24 saa 2 usiku anatamani muwe wapi? Usimtajie jibu lako kwanza, mwache aseme hadi amalize. Kisha rudi utuandikie alichosema, nikusaidie kupanga siku zilizobaki.