Kabla hamjamhukumu Gabi

Swali lenu la wiki lilikuwa jepesi kwa kulitazama: kati ya wahusika wa anime za giza, yaani katuni za Kijapani za huzuni na damu, yupi hastahili kusamehewa? Majibu ya mwanzo mliyochapa nimeyasoma, na karibu yote yanamtaja Gabi wa Attack on Titan. Mmoja kamwita "katoto kenye roho ya chatu". Nilicheka, halafu nikakasirika, na leo nimefunga duka mapema ili niwajibu, ingawa mlichouliza hasa sitakijibu. Mimi nataka kujua kwa nini, kwenye hadithi iliyojaa wauaji watu wazima, jina la kwanza kututoka mdomoni ni la mtoto wa miaka 12.

Nina kiduka cha kuingiza muvi kwenye flashi hapa Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Kwenye kioo cha mlango nimebandika picha kubwa ya Eren, steringi wa hadithi hiyo, ile ya sizoni ya nne, nywele ndefu na macho ya mtu aliyechoka kuishi. Vijana wakishuka kwenye basi wanaiona, wanaingia. Hadithi hii nimeihudumia tangu sizoni ya kwanza ya 2013 mpaka kipande cha mwisho kilichotoka Novemba 2023. Nina wateja walioianza wako shule ya msingi, wameimaliza wamebeba watoto mgongoni.

Kwa asiyeijua, niseme kwa ufupi. Watu wamejifungia ndani ya kuta tatu zenye urefu wa mita 50, na nje kuna majitu yanayokula watu. Mwaka 845 wa kalenda yao linatokea jitu la mita 60, linapiga lango teke, na Eren, mtoto wa miaka 10, anamwona mama yake akiliwa. Anaapa kuyamaliza yote. Hapo steringi tumeshampata. Sizoni tatu nzima tunakaa upande wake wa ukuta, tunakula naye na kuzika naye. Ya nne ndiyo inatuvusha bahari hadi nchi ya Marley, na huko tunakuta watoto wa damu ileile ya Eren wamefungiwa mtaa wao, wanavaa vitambaa mkononi, wanakaririshwa kwamba watu wa kisiwani, yaani akina Eren wa ndani ya kuta, ni mashetani. Gabi ni mmoja wao.

Gabi ndiye aliyemuua Sasha, na hapo ndipo chuki yote inapoanzia. Sasha, askari mwenzake Eren, ni yule wa kiazi. Siku ya kwanza ya mafunzo makuruti wamesimama wima, mkufunzi anafoka, yeye anatafuna kiazi cha moto alichokiiba jikoni. Akiulizwa, anamkatia mkufunzi kipande na kusema ni nusu, na wala si nusu. Tangu siku ile alikuwa dada yetu. Kwa hiyo Gabi alipoparamia ile merikebu ya angani na kumpiga risasi, na neno la mwisho la Sasha likawa "nyama", dukani kwangu palikuwa kama msibani. Kinyozi wa jirani alitoka nje kuomba sigara, na havuti sigara yule.

Sasa naomba mnivumilie, kuna jioni moja ya Machi 2021 lazima niieleze vizuri.

Kilikuwa kimetoka kile kipande cha hotelini. Watu watano wamebanana kwenye benchi langu, kompyuta iko juu ya kreti la soda, mvua inapiga bati hadi tunasogelea spika. Barazani kwangu kuna mzee fundi cherehani. Sketi yangu ilikuwa kwake, akaingia na futi shingoni na pini mdomoni anipime kiuno upya, kwa sababu anasema nimenenepa. Mvua ikamzuia kutoka, akasimama mlangoni anaangalia na sisi.

Kwenye skrini, Gabi na mwenzake Falco wametoroka gerezani, wanaishi kwa majina ya uongo shambani kwa wazazi wa Sasha bila kujua kwamba ndio wazazi wake. Familia imealikwa chakula na Niccolo, mpishi, mateka kutoka Marley, aliyempenda Sasha kwa vile alikuwa akila chakula chake huku machozi yanamtoka. Niccolo anagundua muuaji yuko chini ya dari lake. Anamburuta Gabi mpaka mezani, usoni damu, kisu mkononi, anamwambia baba yake Sasha: huyu hapa, muue, usipomuua wewe nitamuua mimi. Na yule baba anakiomba kisu.

Kinyozi akaruka: "Mkate! Mkate huyo!"

"Simamisha," mzee akasema. Nikasimamisha. "Huyo mtoto kafanya nini?"

Tukamjibu wote kwa pamoja. Kamuua binti wa huyo baba.

"Huyo binti alikuwa nani?"

Mwanajeshi, mzee. Mtu mzuri sana, anapenda kula.

"Aliuawa wapi?"

Nikamwambia ni kwao Gabi, kule ng'ambo.

"Alifuata nini kule?"

Hapo benchi zima likaangalia chini. Nikabaki mimi kueleza. Kwamba Eren, ambaye naye anaweza kugeuka jitu, alitangulia akainuka kuwa jitu katikati ya umati uliokuja kusikiliza hotuba, wakiwamo watoto. Kwamba Zofia, anayesoma na Gabi, aliangukiwa na jiwe palepale alipokuwa amesimama, na Udo akakanyagwa na watu waliokuwa wakikimbia. Kwamba walinzi wa lango waliomzoea Gabi walipigwa risasi mbele ya macho yake, na aliyezipiga ni Sasha. Nilijisikia nikiyasema haya kwa sauti kwa mara ya kwanza. Vipande hivyo nilikuwa nimeviangalia wiki chache tu nyuma, tena nikishangilia.

"Kwa hiyo huyo binti alikwenda kwa watu usiku na bunduki," mzee akasema.

"Lakini mzee, Sasha si mtu mbaya!" Kinyozi karibu alie.

"Sijasema mbaya. Nimeuliza alifuata nini."

Tukaendelea kuangalia. Baba yake Sasha hamchomi mtoto. Anasema binti yake alilelewa msituni kwa kuwinda, akatoka msituni kwenda kuiona dunia, kumbe dunia yenyewe ni msitu mkubwa zaidi, watu wanauana tu. Anasema mzigo wa yaliyopita waubebe wakubwa, watoto watolewe msituni. Nilikuwa nikimtafsiria mzee maandishi ya chini mstari kwa mstari, na katikati sauti ikanikatika, nikajifanya nakohoa. Halafu Kaya, yatima aliyeokolewa na Sasha na aliyekuwa rafiki wa Gabi mpaka dakika ile, anakamata kisu cha mezani na kumrukia. Kaya ni mtoto pia. Mikasa, askari mwenzake Sasha, anamzuia. Mzee akatoa pini mdomoni, akasema, "Huyo ndiye wa kumwangalia sasa," akarudi barazani kwenye mashine yake ingawa mvua bado ilikuwa inanyesha.

Sketi ilinibana vilevile. Lakini tangu jioni ile nimeshindwa kumchukia Gabi kama mnavyomchukia nyinyi. Yote yalitegemea kiazi tulikila na nani. Hadithi ingeanzia mtaani kwa Gabi, steringi angekuwa yeye, Sasha angekuwa adui mwenye bunduki juu ya paa, na sisi tungemshangilia anayeparamia merikebu kulipiza. Hata makelele yake ni ya Eren yuleyule wa sizoni ya kwanza: macho yametoka, "nitawaua wote". Kwa Eren tuliita ushujaa.

Tena Gabi anabadilika. Mwanzoni Kaya anampeleka kwenye nyumba ambamo mama yake aliliwa hai, anamuuliza mama alikosa nini, na Gabi anamjibu kwa historia ya miaka mia, kama mtoto anayesoma ubao. Baadaye ni yeye huyohuyo anayesimama na bunduki mbele ya jitu kumwokoa Kaya, na Kaya anamwona kama Sasha. Wangapi kwenye hadithi hii wamejirudi namna hiyo? (Wengine mtaniambia shida ni studio, kwamba Wit iliiachia MAPPA na majitu yakachorwa kwa kompyuta. Sina la kusema. Wateja wangu wengi wanaangalia kwenye simu iliyopasuka kioo.)

Nilikusudia kumalizia hapo, kwamba hakuna asiyestahili kusamehewa. Lakini wakati naandika nimemkumbuka Ramzi, na nimeshindwa.

Ramzi ni mtoto mkimbizi, kibaka mdogo wa mifukoni. Eren anakutana naye kabla ya kuyaamsha majitu ya ndani ya kuta yaikanyage dunia. Ameshaona yajayo, anajua mtoto huyu atakufa chini ya mguu, na mguu ni wake. Anapiga magoti, analia, anamwomba msamaha kwa maneno ambayo mtoto haelewi hata moja. Halafu anakwenda kuyafanya. Asilimia 80 ya binadamu. Gabi aliua akiamini anaua shetani, na alipojua ni watu, aliacha. Eren alijua tangu mwanzo kwamba ni watu. Mwishoni rafiki yake Armin anamwambia watakuwa pamoja motoni. Kwa rafiki huo ni upendo. Kwa mama yake Ramzi sijui.

Basi kwenye hesabu yenu niandikieni Eren. Ila msiandike kwamba namchukia, kwa sababu kipande cha mwisho nilikilia mara mbili, na ya pili nilikuwa peke yangu bila mteja wa kumwonyesha. Alikuwa na miaka 10 mama yake alipoliwa, hilo nalo mliandike. Na msiandike kwamba naipendekeza kwa kila mtu: mzazi akija na mtoto wa darasa la tatu simwekei, na sizoni ya nne sitaki hata aliyemaliza darasa la saba aiangalie peke yake.

Kinyozi ameshasoma rasimu hii. Ameniuliza kama nina mawazo hayo, picha ya mlangoni naitoa lini. Haitoki. Kioo kilipasuka mwaka juzi, na ndiyo inayozuia vumbi.