Goti limelika, ndo nikapasuliwe?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 58, goti la kulia linauma nikishuka ngazi, asubuhi linakaza dakika 10 hivi halafu linaachia. Eksirei imeonyesha gegedu (ule mto laini kati ya mifupa) limelika, naambiwa nijiandae kwa upasuaji. Hamna njia nyingine kweli?

JIBU: Marahaba. Ipo, tena usiogope sana hiyo picha, maana kuna watu eksirei zao zinatisha na wanatembea fresh tu, wengine picha nzuri ila hawalali kwa maumivu, kwa hiyo tunaangalia wewe unavyoishi. Ulivyoeleza inafanana kabisa na baridi yabisi ya kulika kwa kiungo. Ila umepimwa nyonga? Nyonga ikiharibika maumivu huwa kinenani, na saa nyingine yanajitokeza gotini, mtu anatibiwa goti bure.

Dawa namba moja ni mazoezi, najua hupendi kusikia hivyo. Imarisha misuli ya paja, kaa kwenye kiti unyanyuke bila kushika kitu, rudia rudia, wiki za kwanza litauma kidogo ila vumilia mpaka miezi 2 au 3 hivi. Kama una kitambi punguza, kilo 1 tu inalipunguzia goti mzigo wa kama kilo 4 kila hatua! Jeli ya diklofenaki, dawa ya maumivu ya kupaka, inasaidia goti, ila nyonga haifikii, iko ndani mno. Fimbo ya kutembelea shika mkono wa kushoto, upande wa pili wa goti bovu, sio kulia.

Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe inayochomwa gotini, inatuliza wiki kadhaa, ila ukishapangiwa upasuaji ndani ya miezi 3 usichome, inaongeza hatari ya maambukizi. Goti likivimba ghafla, likawa la moto na una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.