Mkekani na mimba: maswali yenu kuhusu yoga

Maswali yamekuwa mengi wiki hizi na mengi yanafanana, kwa hiyo nimechagua machache yanayobeba na ya wengine. Kwa wasionijua, nilikuwa mkunga wa wodi ya wazazi kwa miaka 11, na sasa nafundisha yoga kwa wajawazito sebuleni kwangu, mikeka sita kwa wakati mmoja, si zaidi. Ninayoyajibu hapa ni ya mjamzito ambaye kliniki imemwambia mimba yake haina tatizo. Kama hujaanza kliniki, anza huko kwanza.

Dada mkunga, nina mimba ya wiki 10, ya kwanza. Sijawahi kufanya mazoezi yoyote, nikipanda ngazi tu nahema. Naweza kuanza yoga sasa au nitaiharibu mimba? (Mwanza)

Hongera, mdogo wangu. Mimba haitoki kwa sababu umenyoosha mikono au umepiga magoti mkekani. Nyingi zinazotoka miezi mitatu ya mwanzo hutoka kwa sababu kijusi hakikuumbika sawasawa tangu yai na mbegu vilipokutana, na hakuna alichokosea mama. Nalisema hili wazi kwa kuwa nimeona wanawake wakijilaumu miaka na miaka kwa ndoo moja ya maji waliyojitwika.

Hata hivyo mimi hupokea wanafunzi wapya kuanzia wiki ya 14. Wiki za mwanzo ni za kichefuchefu na uchovu, na mtu anayejifunza jambo jipya huku anatapika halipendi tena. Kwa sasa tembea dakika 10 asubuhi, uongeze kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito asiye na tatizo afikishe angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Hapo ni pa kufikia, usianzie hapo. Kipimo chako kiwe pumzi: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, endelea. Ukishindwa, punguza.

Mama mkwe ananikataza kunyanyua mikono juu ya kichwa, anasema kitovu kitamzonga mtoto shingoni. Naishi kwake na sitaki ugomvi. (Tanga)

Kitovu humzonga mtoto kwa sababu mtoto anacheza. Anaogelea, anapinduka, anarudi alikotoka, na kitovu kirefu kinamfuata. Hutokea hata kwa mama aliyelala kitandani muda wote wa mimba. Wanaozaliwa nacho shingoni ni wengi, takriban mtoto mmoja kati ya wanne, na mara nyingi mkunga hukipitisha juu ya kichwa kwa vidole, kama anayevua mkufu. Mikono yako haimfikii.

Ila katika katazo lake lipo jambo la kuchukua. Mjamzito akisimama wima muda mrefu bila kusogea, damu hutuama miguuni na kizunguzungu kikaja. Kwa hiyo nyanyua mikono, vuta pumzi tatu au nne, shusha, chezesha miguu. Na mama usibishane naye. Siku ya kliniki mwombe akusindikize, halafu umuulize nesi swali hilo mbele yake. Atalisikia kwa mtu wa makamo yake, si kwa mkwewe.

Niko wiki ya 26. Mwisho wa darasa sote hulala chali dakika kumi. Juzi moyo ulienda mbio, jasho baridi likanitoka, nikahisi kama nitazimia. Mwalimu akaniambia nitulie tu, ni akili inapambana na utulivu. Ni kweli? (Nairobi)

Si kweli, na limenikasirisha. Ilikuwa upesi ugeuzwe ubavu.

Nyuma ya mfuko wa uzazi, kando ya uti wa mgongo kwa upande wa kulia, umepita mshipa mkubwa unaorudisha damu ya miguu na nyonga kwenye moyo. Kuanzia karibu wiki ya 20 mfuko wa uzazi unakuwa mzito, na ukilala chali unauelemea mshipa ule. Damu inayorudi inapungua, presha inashuka, moyo unakimbia ili kufidia, na damu inayokwenda kwenye kondo la nyuma inapungua pia. Ulichokisikia ndicho hicho. Wajawazito wengine hawahisi chochote, ndiyo maana mwalimu asiyejua hudhani wewe ndiye mwenye hofu.

Sitaki lakini uanze kuogopa kila mkao. Mwaka 2015 madaktari wa New Jersey, Marekani, walichapisha utafiti wa wanawake 25 wenye afya, mimba zao zikiwa za wiki 35 hadi 37, waliofanya mikao 26 ya yoga huku watoto wakipimwa mapigo ya moyo. Mapigo yalibaki vizuri, hata kwenye mkao wa mbwa aliyeinamisha kichwa, ule wa viganja na nyayo chini na makalio juu, ambao zamani tulikuwa tukiukataza. Wanawake 25 ni wachache, na walikuwa chini ya uangalizi, lakini mimi limenipunguzia hofu nyingi. Kupita chali kwa muda mfupi ukibadilisha mkao hakuna neno. Dakika kumi bila kusogea, na mwili umeshalalamika, hapo hapana.

Pumzika hivi: lala ubavu, wa kushoto ukiweza, mto mmoja chini ya kichwa, mwingine mrefu katikati ya miguu kuanzia magotini hadi kwenye vifundo, na khanga iliyokunjwa mara nne chini ya tumbo ili lisining'inie. Asiyependa ubavu apange mito, aegemee mgongo ukiwa umeinuka kama aliyekaa kwenye kiti cha uvivu. Usiku nao, kuanzia wiki ya 28, kila unapokwenda kulala anza kwa ubavu. Ukiamka ukajikuta chali, geuka tu uendelee na usingizi.

Mweleze mwalimu wako haya kwa heshima. Akikujibu tena utulie, kunja mkeka wako utafute darasa jingine.

Hapa Dubai kuna darasa la yoga la chumba cha joto. Nilikuwa nalipenda kabla ya mimba. Sasa nina wiki 8. (Dubai)

Acha kabisa mpaka ujifungue. Vyumba vile hupashwa hadi nyuzi karibu 40. Mwili wa mama ukipata joto kupita kiasi katika wiki hizi za mwanzo, wakati ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unaumbika, hatari ya kasoro huongezeka. Baadaye kuna kupungukiwa maji na kuzimia. Na sisi wa Dar tusijione tumepona: Februari, chumba cha bati, saa nane mchana, hicho nacho ni chumba cha joto. Fanya alfajiri, madirisha wazi, chupa ya maji pembeni, na jiko la mkaa lisiwe karibu, maana moshi na hewa yake havifai kwa mtoto wala kwako.

Assalaam alaykum. Nimeambiwa yoga ni ibada ya Kihindu na Muislamu haifai. Mgongo unaniuma na daktari kaniambia nifanye. Nishike lipi? (Unguja)

Waalaykumu salaam, bibie. Asili yake ni India, na huko ina upande wa ibada, hilo sikufichi. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliikataza yoga inayochanganya mazoezi na ibada na maneno ya kuimba. La Indonesia mwaka 2009 likakataza yenye ibada na mantra, yaani maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, likaacha ile ya mazoezi ya mwili tu. Saudia yenyewe mwaka 2017 iliitambua kuwa ni mchezo kama michezo mingine. Darasani kwangu hatuimbi chochote wala hatuisujudii sanamu; tunanyoosha viungo na kupumua. Muoneshe sheikh unayemwamini hasa unachokifanya, umuulize yeye. Na kama jina ndilo linalokutia shaka, mwambie daktari akuandikie mazoezi ya mgongo. Paka na ng'ombe, ule wa kupiga magoti na viganja ukaubinua mgongo juu na kuushusha taratibu, wataalamu wa viungo hospitalini hufundisha pia.

Wiki ya 24. Nikitoka darasani mfupa wa mbele, chini ya kitovu kabisa, unauma kama unapasuka, na kugeuka kitandani ni kulia. Lakini nimekuwa mlaini kuliko zamani, nafika hadi chini! Nikiendelea si utazoea? (Morogoro)

Hautazoea, utazidi. Soma hapa polepole, maana ndipo wengi wanapoumia, na mimi mmoja wao.

Ukiwa na mimba mwili hutoa homoni iitwayo relaksini, na pamoja na homoni nyingine hulegeza kano zinazoshikilia mifupa, hasa za nyonga. Ule ulaini unaoufurahia si juhudi yako. Ni kamba zimelegea. Misuli ikifika mwisho hukuambia, lakini kano zilizolegea hukuacha upite, na unajua umepita siku ya pili yake. Katika mimba yangu ya pili nilikuwa darasani kwa mwalimu mmoja, nimekaa miguu nimeipanua, akaja akanisukuma mgongo nishuke zaidi. Nikashuka, nikafurahi. Kwa wiki tisa zilizofuata nilipanda ngazi za wodi upande upande, kama kaa. Tangu siku hiyo simgusi mwanafunzi mjamzito kumsukuma, na ninawaambia wote: nenda hadi robo tatu ya unapoweza, uishie hapo.

Maumivu yako, kwa maelezo yako, ni ya kiungo cha kinena. Acha mikao ya kusimama mguu mmoja, acha kupanua miguu mbali, na kipepeo, ule mkao wa kukaa nyayo zimekutana na magoti yamefunguka pembeni, kifanye kidogo tu, mito chini ya magoti. Tumia ukuta. Badala ya kunyoosha, kaza: piga magoti na viganja, vuta pumzi, na unapoitoa kaza misuli ya chini kama unayezuia mkojo, kisha legeza yote. Nyumbani, vaa sketi na chupi ukiwa umekaa. Kitandani bana magoti pamoja kwanza ndipo ugeuke mwili mzima. Kwenye daladala usirukie ngazi, acha konda apige kelele. Ufagio wa chelewa unaokuinamisha mgongo uufunge kwenye mti mrefu au umpe mwingine. Na muone mtaalamu wa viungo; hospitali nyingi za mkoa wanao. Ukianza kushindwa kutembea, usingoje tarehe ya kliniki.

Nilishonwa mlango wa kizazi wiki ya 13 baada ya kupoteza mimba mbili. Naweza kufanya mikao mepesi tu? (Arusha)

Pole sana, mama. Mikao hapana, hata mepesi, mpaka daktari aliyekushona aseme kwa kinywa chake. Namwambia hivyo hivyo anayetokwa damu, ambaye chupa imepasuka, ambaye kondo limekaa njiani, mwenye dalili za kifafa cha mimba, na aliyepungukiwa damu sana.

Pumzi lakini ni yako. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, nyayo chini, vuta kwa puani ukihesabu hadi 4, toa polepole ukihesabu hadi 6. Usiibane katikati, na zile pumzi za kusukuma tumbo kwa kasi usizifanye. Dakika tano asubuhi, tano usiku, hasa usiku ule ambao kumbukumbu za mimba zilizopita hazikupi usingizi.

Nikifanya yoga nitajifungua kawaida, bila kupasuliwa? (Kisumu)

Siwezi kukuahidi hilo, na anayekuahidi anakuuzia. Mtoto aliyekaa vibaya au kondo lililoziba njia havijui ulifanya yoga mara ngapi. Nilichokiona leba ni kwamba aliyezoea kutoa pumzi ndefu anapopata maumivu hupumzika kati ya uchungu mmoja na mwingine, na hilo ni kubwa. Ukipasuliwa hujashindwa kitu.

Shikamoo mama. Mke wangu ana wiki 30, anafanya yoga kwa video za simu. Mimi sijui lolote, nifanye nini ili awe salama? (Dodoma)

Marahaba, mwanangu. Umeuliza vizuri.

Angalia kwanza kama video imesema ni ya wajawazito, na kama mwalimu wake anaonyesha namna ya kupunguza mkao. Kulalia tumbo, kusimama kwa kichwa, kujisokota kiuno hadi tumbo likabanwa, hayo ayaruke. Mkeka uwe karibu na ukuta, sakafu isiwe na maji, kiti kizito kiwe jirani. Awe amekula kitu chepesi saa moja au mbili kabla, ndizi au uji.

Jifunze dalili hizi uzijue kuliko jina lako: damu, maji yanayotoka ukeni, tumbo kukaza kwa mpangilio, kifua kuuma, kupumua kwa shida kabla hata hajaanza, kizunguzungu kisichokwisha, kichwa kuuma sana pamoja na kuona maluweluwe, mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma ya goti au kwenye kigimbi, mtoto kupunguza kucheza. Ukiona moja, mnaacha na kwenda hospitali, usiku au mchana. Nauli ya usiku ule iwe imetengwa tayari.

Halafu keti naye mkekani mara mbili kwa wiki. Yeye apige magoti na kuegemeza mikono kwenye kiti, wewe weka kitako cha kiganja chako chini kabisa ya mgongo wake, juu kidogo ya makalio. Anapotoa pumzi, gandamiza. Anapovuta, legeza lakini usiondoe mkono. Muulize kama ni nguvu inayotosha, wengi hutaka zaidi ya unavyodhani. Kama hospitali mtakayokwenda inaruhusu mwenza kuingia leba, huo mkono ndio atakaouhitaji, na itakuwa vizuri uwe umeshaujua mahali pake.