Bolti ya injini inayogoma kukaza: maswali na majibu

Bolti inaingia hadi nusu kisha inakuwa ngumu. Nivalishe bomba kwenye spana nimalizie kwa nguvu?

Hapana. Bolti safi kwenye tundu safi huingia kwa vidole karibu mpaka mwisho. Ikidai spana mapema, kuna kitu. Itoe.

Anza na kosa la kawaida, kuingia upande. Iweke mdomoni mwa tundu, izungushe kinyume polepole mpaka uisikie ikidondoka kidogo, "tik", ndipo uigeuze mbele. Kutu na gundi kuukuu kwenye thredi (mistari ya msokoto ya bolti) huondoka kwa brashi ya waya. Tundu lipulizie dawa ya kusafishia breki, kisha upepo wa kompresa, ukiwa umevaa miwani, maana uchafu wote hurudi usoni.

Tundu lisilotokeza upande wa pili ndilo la kuogopa. Oili au maji yaliyobaki chini hayabanwi, hivyo bolti inayoshuka inaweza kupasua bloku. Pima pia kina chake kwa waya mwembamba. Ukichanganya bolti, ile ndefu hugonga chini kabla kichwa hakijabana kitu: spana inasema imekaza, gasketi inavuja.

Yangu inazunguka tu, haishiki.

Thredi zimeliwa. Itoe uiangalie: ukikuta vijisokoto vya alumini vimenasa kwenye meno yake, kilichokufa ni tundu, na bolti mpya haitasaidia. Tiba ya kudumu ni koili ya waya, inayokuwa thredi mpya ndani ya tundu: toboa kwa keekee ya kipimo kilichoandikwa kwenye seti ya koili, kata thredi kwa tapu yake, ingiza koili mpaka izame robo hadi nusu mzunguko chini ya uso, kisha vunja kile kiulimi cha chini na ukitoe. Vijisokoto vya kutoboa vikiangukia ndani ya injini umejiongezea kazi, kwa hiyo paka grisi kwenye keekee ivinase. Utepe wa plastiki wa mabomba, ambao wengine huuzungushia bolti, haurudishi thredi zilizokatika.

Nipake oili ili iteleze?

Fuata kitabu cha gari. Nguvu unayoweka kwenye spana, takriban moja ya kumi tu ndiyo inayobana vipande. Iliyobaki huliwa na msuguano wa thredi na wa chini ya kichwa cha bolti. Ukilainisha bolti ambayo kipimo chake ni cha kavu, mkazo ule ule utaivuta kupita kiasi.

Bolti za silinda hedi: kitabu kinasema 40 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), halafu nyuzi 90 (robo mzunguko), halafu 90 tena. Zinakuwa ngumu sana. Niishie hapo?

Ugumu huo ni wa kawaida. Bolti inavutwa kama springi. Weka alama ya rangi kwenye kila kichwa, kwa sababu kukisia nyuzi kwa macho hudanganya, na tumia mpini mrefu kwa mvuto mmoja laini. Ukisimama katikati, msuguano wa kuanza upya hufanya ionekane imefika. Fuata mpangilio wa kitabu, mara nyingi kutoka katikati kwenda pembeni. Bolti ikilegea ghafla mkononi kabla pembe haijatimia, simama: imevutika kupita kiasi au thredi zinang'oka. Kitabu kikisema ni za kutumika mara moja, nunua mpya.

Sina toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza).

Kwa bolti za hedi, azima. Kwa nyingine, funga mizani ya springi ya ndoano kwenye mpini, sentimita 25 kutoka katikati ya bolti, na uvute kwa pembe mraba na mpini. Kilo 20 hapo ni karibu 50 Nm. Kilo 10 ni karibu 25 Nm. Mizani ikipinda pembeni, kipimo hicho si sahihi tena.