Soma upepo kwanza, kisha ungoje

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza: "Picha nzuri huletwa na subira au na bahati?" Jibu langu ni subira, lakini si ile ya kukaa kitako na kamera mapajani. Kazi yangu ni kupiga picha hapa Kisumu, harusi mwishoni mwa juma na ufuo wa Dunga, kando ya Ziwa Victoria, siku nyingine. Nimeona wageni wakivumilia jua kutwa nzima na kuondoka mikono mitupu, ilhali kijana anayeendesha boti, asiye hata na kamera, angeweza kuwaambia tangu asubuhi ni wapi pa kusimama na saa ngapi.

Chukueni mfano wa mdiria, yule wa madoa meusi na meupe anayevua kando ya mafunjo. Wengi humkimbiza kwa lenzi akipita huku na huku, wakaambulia mkia na maji. Lakini ndege huyu hutoa taarifa kabla ya kupiga mbizi. Husimama angani, mabawa yakipigapiga kwa kasi, mdomo umeelekea chini, na kichwa hakitikisiki, kana kwamba kimepigiliwa msumari hewani. Hapo ndipo pa kuweka fokasi, kasi ya shata ikiwa 1/2000 ya sekunde au zaidi. Ukingoja mpaka umwone akikunja mabawa umechelewa, kwa sababu kidole huhitaji kama moja ya tano ya sekunde kutii jicho. Anza kubonyeza akiwa bado amesimama, na uache nafasi kubwa chini yake ndani ya fremu, maana huko ndiko anakokwenda. Mara nyingi ataghairi, asogee kidogo, asimame tena. Mwache asogee. Atakurudia.

Sasa upepo, ambao naona watu wengi hawaufikirii kabisa. Ndege anayesimama angani huuelekea upepo. Alfajiri na asubuhi mapema hapa kwetu upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa kuwa usiku ardhi hupoa kuliko maji. Dunga iko upande wa mashariki wa Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa letu unaoingia nchi kavu. Kwa hiyo ukisimama ufuoni ukitazama ziwa, upepo unakupiga kisogoni, jua linachomoza nyuma yako, na mdiria amekuelekezea uso, jicho lake liking'aa. Mchana ardhi ikishapata moto, upepo hugeuka na kuja kutoka ziwani. Ndege yuleyule, mahali palepale, sasa amekupa mgongo, na alasiri jua linakuingia machoni. Kaa hapo mpaka magharibi na lenzi ya bei ya gari, uso wake hutaupata. Kuna baba mmoja mwenye boti ambaye huniambia, "Nyara (yaani binti yangu, kwa Kijaluo), funga vitu vyako, ziwa limegeuka," kabla sijahisi lolote shavuni. Yeye hutazama mafunjo yanainamia wapi. Elimu yote ya subira niliyo nayo ilianzia kwa watu kama yeye.

Machweo nayo yana ratiba. Tuko karibu kabisa na ikweta, hivyo jua letu huanguka wima. Tangu ukingo wake wa chini uguse maji hadi litokomee ni kama dakika 2 tu; huko Ulaya ya kaskazini hushuka kimshazari na mtu ana muda zaidi. Ukitaka mtumbwi upite mbele ya jua lile, mbio hazisaidii. Mwaka mzima jua huzama Kisumu kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni hivi, na hilo ni jepesi kulijua. Gumu ni kujua ratiba ya wavuvi. Omena, wale dagaa wa ziwani, huvutwa na taa usiku, kwa hiyo maboti ya omena hutoka kwa wingi usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti sana na wengi hubaki nyumbani. Tena kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Anayetaka picha ya taa zikitawanyika ziwani baada ya magharibi aangalie mwezi kabla hajapanga safari.

Ziwa Nakuru linaniuma zaidi. Bado watu hufika na picha za zamani vichwani, ufuo wote umegeuka waridi kwa heroe (flamingo), wakaketi kungoja. Heroe mdogo hula vijimea vidogo sana vinavyostawi katika maji ya magadi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 ziwa limefura, limemeza barabara za mbugani na sehemu kubwa ya msitu wa migunga, maji yakapungua magadi na chakula kikapungua nacho. Heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Idadi yao hupanda na kushuka, lakini hakuna subira ya mpiga picha inayowaleta mahali pasipo na chakula. Wafuate waliko. Au baki Nakuru, upige ile miti iliyokauka imesimama majini na mnandi, yule ndege mvuvi, juu yake. Hilo ndilo ziwa la leo, nalo linastahili kupigwa picha kwa heshima ileile.

Kwa binadamu mambo hubadilika kidogo. Pale Dunga kuna akina mama wanaopaa samaki. Kamera yangu hubaki mkobani kwanza. Nasalimu, nanunua, naomba ruhusa. Baadaye mama husahau kwamba nipo, kisu kinapanda kutoka mkiani kuelekea kichwani, magamba yanaruka juani. Na ukimwambia mtu "tayari" uso wake hujipanga. Akidhani umemaliza, uso wake wa kweli hurudi. Usishushe kamera mapema.

Mpwa wangu hubisha kwamba kamera za sasa hupiga fremu 20 na zaidi kwa sekunde, kwa hiyo kungoja kumepitwa na wakati. Mfululizo husaidia kweli, nami huutumia. Lakini hauwezi kumgeuza ndege aliyekupa mgongo.

Kwa wasomaji wenye simu pekee: achaneni na mdiria, atatoka nukta. Nendeni soko la Kibuye hapa Kisumu Jumapili asubuhi, mtafute mahali mwanga unapopenya kati ya mabati, mwombe ruhusa mwenye kibanda. Bonyeza skrini pale penye mwanga na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, ili simu isianze kuitafuta mtu akiwa keshapita. Kisha ngoja aingie mwenye kikapu.